Fungu la Dada

Pensheni Jamii ya Mama imeingia. Hapa Zanzibar kila mzee aliyetimiza miaka 70 anaipata, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Naishukuru kwa moyo wote. Mama alisuka ukili, baadaye akalima mwani, na hakuna mwajiri aliyemwekea akiba hata senti.

Lakini pesa hiyo humfaa zaidi mzee anayejiinua mwenyewe. Tangu kiharusi kimlaze upande mmoja, Mama ni wa kugeuzwa, kuogeshwa, kulishwa na kubadilishwa pampasi usiku na mchana. Dawa na pampasi tunachangiana: kaka aliyeko Maskati hutuma zake, mimi najazia, shangazi hutoa anapojaaliwa. Kila mtu anajua katoa nini. Isiyoandikwa popote ni hesabu ya Dada. Aliacha kazi ya jikoni hotelini ili akae na Mama, na mshahara ulipokatika, michango yake ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, nayo ikakatika. Hata miaka 50 hajafika. Uzee wake mwenyewe ndio unaolipia uzee wa Mama, na sisi tunampa pole, tunamwambia radhi za mama atazipata. Atazipata, inshallah. Ila na sisi tunazitaka, basi tuzitolee jasho.

Ujerumani wana bima ya uangalizi tangu 1995. Mgonjwa akilelewa nyumbani na jamaa yake, bima humpatia fedha za kumtuza jamaa huyo, na mlezi anayetimiza saa zinazotakiwa huchangiwa hata pensheni. Kule fedha hukatwa kwenye mishahara; kwetu wengi hawana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo ni lazima zitoke kwenye kodi. Pensheni Jamii ingeweza kuwa na nyongeza kwa mzee asiyeinuka kitandani. Hafichiki huyo: sheha anamjua, majirani wanamjua.

Usiku nimezungumza na kaka. Tumekubaliana kwamba kila mwezi, pamoja na dawa, litoke fungu la Dada mkononi, na mchango wake katika skimu ya hiari ya ZSSF. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema anachotaka kwanza ni siku moja katika wiki alale mpaka atosheke. Sisi wote wawili hatukuwa tumelifikiria hilo. Ijumaa nitakaa na Mama mimi, na kila Ijumaa baada ya hapo.