Warfarini na sahani ya mboga: nilivyojipanga baada ya kubadilishwa valvu

Nilibadilishwa valvu ya moyo, yaani kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kifua kilikuwa na masharti yake: nisinyanyue ndoo ya maji wala mtoto, nikikohoa nikumbatie mto, nikiamka nigeukie ubavu kwanza badala ya kujisukuma kwa mikono. Mfupa wa kifua uliokatwa wakati wa upasuaji ukaunga baada ya miezi kama mitatu, hayo yakaisha. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, haiishi. Kwenye valvu ya chuma kama yangu damu hupenda kuganda, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Dawa ikizidi nayo, unavuja damu. Kwa valvu yangu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, daktari anataka kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kicheze kati ya 2.5 na 3.5.

Mtihani wangu mkubwa ulikuwa jikoni. Mama alikuwa akinipakulia na kusisitiza, "Kula kisamvu mwanangu, kinaongeza damu." Wifi yangu naye alisikia kwamba mboga za majani ni sumu kwangu, akawa ananiondolea sahani. Wote walinipenda, na wote walikuwa wanakiyumbisha kipimo. Kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini K nyingi, ndiyo inayosaidia damu kuganda, hivyo ukizidisha unaipunguza dawa nguvu, na ukiacha ghafla dawa inakuzidi. Daktari aliniambia nile, ila kiasi kisibadilikebadilike. Nikatenga kibakuli kimoja cha plastiki: mboga inajaa hapo kila mchana, iwe ya nazi au ya karanga, basi. Kipimo kikatulia, na dozi ikapangwa kufuata mlo wangu.

Kidonge nakimeza taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, kisha naweka alama kwenye daftari. Nikipitiwa, nakunywa usiku huohuo nikikumbuka. Kukishakucha siongezi cha pili kufidia.

Duka la dawa ndilo linalonitia hofu zaidi. Jino liliponiuma, muuzaji alinipa diklofenaki, dawa ya maumivu, papo hapo. Nikamwonyesha kadi yangu ya warfarini, akairudisha na kunipa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaimeza tumbo likichafuka tu, hupandisha INR. Mizizi na unga wa majani wa kuletewa sigusi kabisa, hata aniletee nani. Na kabla ya kung'oa jino, daktari wa meno lazima ajue una valvu, maana kuna antibiotiki ya kumeza kabla.

Dada zangu mnaotarajia kuzaa, zungumzeni na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mkojo mwekundu, kinyesi cheusi cha kunata, damu ya pua isiyokoma, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, uso au mkono kulegea: hapo sisubiri kliniki, ni hospitali saa hiyohiyo. Homa pia. Huku kwetu homa tunaiita malaria kabla hata ya kupima, lakini huenda ni bakteria walioingia kwenye damu na kushambulia valvu. Mimi napima malaria, na nasema wazi nina valvu bandia, kisha naomba damu yangu ioteshwe maabara, ionekane kama ina bakteria, kabla ya kuanzishiwa antibiotiki yoyote.