Mabanda mawili, siku 28 za baridi

Tarehe 1 ya msimu wa baridi imeingia leo kwenye Stardew Valley, mchezo wa video wa kilimo. Mifugo haitoki nje tena, na kila mnyama anataka fungu moja la nyasi kavu kwa siku.

Ng'ombe 12, kuku 8.

20 mara 28 ni 560. Maghala mawili ya nyasi kavu yaliyojaa pomoni yana 480, kila moja 240. Yaani tarehe 24 jioni hakuna kitu.

Hizo siku nne za mwisho ndizo zinazouma! Mnyama hafi kwa njaa, lakini ananuna, na kesho yake hupati maziwa wala yai.

Mafungu 80 yaliyopungua yananunulika kwa Marnie, muuza mifugo wa mchezoni, dhahabu (pesa ya mchezo) 50 kila moja. Dhahabu 4,000 kwa kitu kilichokuwa kikiota bure! Ghala la tatu lingegharimu dhahabu 100, mawe 100, udongo wa mfinyanzi 10 na mikuo 5 ya shaba.

Na lijengwe kabla ya kufyeka. Bila ghala, fyekeo linakata majani na hupati chochote. Hata likiwepo, fyekeo la kawaida hutoa nyasi kavu kwa nusu tu ya mashina.

Kosa kubwa ni kuacha mifugo imalize malisho yote. Simika nguzo ya uzio juu ya shina la nyasi: hawaligusi, nalo linaendelea kusambaa pembeni.

Ninyi mna maghala mangapi, na kwa mifugo mingapi?