Kidole gumba hakihesabiwi

Leo binti yangu kafungua kitabu chake cha kwanza cha nota za fidla. Piano anapiga tangu mdogo, nota kwake si kazi.

Hata wimbo wenyewe anaujua: ile minueti (muziki wa dansi ya zamani) ya kwenye daftari la 1725 la Anna Magdalena Bach, mke wa mtunzi Johann Sebastian Bach. (Juu ya ukurasa wameandika Bach, wakati mtunzi ni Christian Petzold. Wachapishaji hawa!)

Sasa, juu ya nota kuna tarakimu ndogondogo za vidole. Kaona 1, gumba likarukia uzi. Kaona 2, akaleta cha shahada. Sauti iliyotoka hapo, jamani…

Kwenye piano 1 ni gumba. Kwenye fidla gumba limeshika shingo ya chombo, halihesabiwi, kwa hiyo 1 ni cha shahada. 0 ni uzi mtupu, hakuna kidole.

Akanikodolea macho: "Mama, nani kabadilisha?"

Kisha akachukua penseli, akachora kigumba pembeni mwa mistari, akakipiga alama ya X. Kakiwekea na uso wa kununa!

Nimecheka hadi machozi.

Wenye watoto wanaopiga vyombo viwili, hapa mlivukaje? Semeni, nasoma zote.