Vita Vilevile, Foleni Mbili

Berlin, mapema Septemba 2022

Leo ofisini hapakuwa na pa kuweka mguu. Tarehe 31 Agosti, mwisho wa ruhusa ya kukaa Ujerumani bila kibali kwa waliokimbia vita, imepita, na kila mwanafunzi aliyekimbia Ukraine akiwa na pasipoti ya nchi nyingine anauliza swali moja tu: nipo hapa kihalali au sipo? Kwa mujibu wa mkataba wangu, kazi yangu ni kuwaelekeza wanafunzi wageni namna ya kuomba nafasi ya chuo, saa chache kwa wiki. Tangu Machi nimekuwa karani, mkalimani, msindikizaji wa kwenda uhamiaji, na siku nyingine dada tu.

Nianze na sheria, maana mnaosoma hapa mkiwa nyumbani mnaniuliza mbona vijana hawa wanahangaika wakati Ulaya ilifungua milango. Ilifungua, kweli. Tarehe 4 Machi, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya uliamua kuitumia kwa mara ya kwanza sheria ya ulinzi wa muda iliyokuwa imelala kabatini tangu 2001. Raia wa Ukraine akifika hapa anapata kibali, ruhusa ya kufanya kazi, matibabu na fedha za kujikimu. Mgeni aliyekuwa akiishi Ukraine kwa kibali cha muda, kama walivyo wanafunzi karibu wote, anaambiwa kwanza athibitishe kwamba hawezi kurudi kwao salama.

Sasa binti wa Kitanzania atathibitishaje kwamba Tanzania si salama? Ni salama. Hana shida na Tanzania. Shida yake ni miaka mitatu ya udaktari aliyoisoma na kuiacha Kharkiv, jiji la Ukraine, pamoja na ada ambayo baba yake alishailipa.

Watu husahau jinsi vijana hawa walivyokuwa wengi. Kabla ya vita Ukraine ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 70,000, Wahindi wakiongoza, na Waafrika kwa maelfu, hasa Wamoroko na Wanigeria. Udaktari ulifundishwa kwa Kiingereza, na kwa vyuo vingi ada ilikuwa kati ya dola 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Mzazi mwenye duka la kawaida aliweza kujifunga mkanda akalipa. Kwa bei hiyo, hapa Ulaya Magharibi ungefundishwa kwa lugha usiyoijua au usingefundishwa kabisa.

Yupo kijana mmoja wa Kinigeria ambaye wenzake humwita Daktari, nami nimefuata mkumbo. Alikuwa mwaka wa nne. Simu yake imepasuka kioo kona hadi kona, na ndani ya simu hiyo ndimo ulimo ushahidi wote kwamba aliwahi kusoma: picha za kurasa tatu za kijitabu cha alama, kile ambacho mwanafunzi wa Ukraine hukibeba na mwalimu hukitia saini mtihani kwa mtihani. Kijitabu chenyewe kilibaki bwenini. Picha ya tatu imezibwa nusu na kidole gumba chake mwenyewe. Anatomia inasomeka, fiziolojia inasomeka ukiinamisha simu, biokemia tumekubaliana kwamba ipo. Wafasiri wa kiapo wa hapa hutoza kwa mstari, kwa hiyo tulianza kwa kuhesabu mistari ndipo tukahesabu fedha.

Mamlaka ya mitihani ya udaktari haitaki picha. Inataka hati rasmi yenye masomo, saa za kila somo na mhuri. Basi tulihitaji kumpata mtu wa ofisi ya mkuu wa kitivo, na hapo ndipo alipoingia mwanafunzi mwingine, msichana wa Kiukraine anayesoma usanifu majengo, ambaye baba yake yuko jeshini. Alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja zamu yake. Alisikia tunavyobabaika na namba ya simu, akanyoosha mkono: nipeni.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa marefu. Kwanza zilikuwa salamu, kila upande ukitaka kujua mwenzake yuko mji gani na nani amebaki nyuma. Katibu wa kitivo alikuwa amehamia Poltava, mhuri ulikuwa Kharkiv, na ufunguo wa kabati la mhuri alikuwa nao mtu wa tatu. Katikati ya maongezi king'ora kikalia kule, simu ikakatwa, tukangoja hadi akapiga tena mwenyewe. Na alimkumbuka Daktari! Yule mrefu, akasema, yule mchelewaji. Msichana alipotafsiri, Daktari alikana vikali, akataka ampigie tena katibu kumweleza kwamba tatizo lilikuwa tramu. Hati ilitumwa kwa barua pepe baada ya majuma kadhaa, ikiwa na mhuri. Mpaka leo sijui yule mama katibu aliupataje mhuri huo.

Nimeandika kisa hiki kirefu makusudi, kwa kuwa kuna wanaosimulia habari ya mpakani, wakati watu walipokuwa wakikimbia vita, kana kwamba Waukraine wote walisimama mlangoni kuwazuia Waafrika. Walioshika milango walizuia, na hilo halina ubishi. Tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ulitoa tamko kwamba kuwatenga Waafrika kwa namna ile ni ubaguzi wa rangi na ni kuvunja sheria za kimataifa. Siku chache baadaye Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, nao wakaeleza jinsi wageni walivyozuiwa kupanda treni pale Lviv, mji wa magharibi mwa Ukraine. Machi 2 waziri wa mambo ya nje wa Ukraine, Dmytro Kuleba, alitangaza namba maalumu ya simu kwa wanafunzi wa Kiafrika na Kiasia. Kwa walio wengi namba hiyo ilifika wakiwa wameshatembea.

Daktari hajawahi kunisimulia safari yake, na mimi sijamwuliza. Waandishi wa habari walimwuliza vya kutosha pale stesheni kuu. Niliyoyajua nimeyapata kwa yule binti wa Kitanzania, naye aliyatoa kidogokidogo huku akijaza fomu. Kwamba walitembea usiku kucha kuelekea mpaka wa Poland. Kwamba kulikuwa na foleni mbili, na yao haikusogea. Kwamba kuna mwanajeshi alimsukuma kwa kitako cha bunduki, akaangukia begi lake. Kisha akanyamaza, akaniuliza tarehe iandikwe kwa mpangilio upi, siku kwanza au mwezi kwanza.

Nilimwambia chuo kina mshauri wa saikolojia na kwamba naweza kumwombea nafasi. Akasema: "Dada, wenzetu wamefiwa. Nyumba zao zimebomoka. Mimi nikianza kulalamika kwamba nilisukumwa, si nitaonekana sina adabu?"

Nimelisikia hilo kwa wengi, kila mmoja kwa maneno yake. Wanajiona hawana haki ya kuumia. Vita si vyao, nchi si yao, na anayewahifadhi sasa ni mtu wa kushukuriwa. Kwa hiyo yaliyowapata mpakani wanayameza, na chuo kisiposikia malalamiko kinaandika kwenye ripoti kwamba hakuna malalamiko. Nadhani ndiyo maana nimeanza kuona mashaka na vikao vyetu vya "kuzungumza hisia". Havina ubaya. Lakini kijana ambaye hajui kama Jumatatu ijayo atakuwa mhamiaji haramu hana nafasi ya hisia. Mpe barua yenye jina lake, tarehe na saini ya mtu anayeeleweka, kisha mkae mzungumze.

Katika hayo, kikao kimoja kilinitoa jasho. Palikuwa na mfuko wa dharura kwa ajili ya "wanafunzi kutoka Ukraine", nami nikapeleka majina. Wote wenye pasipoti za Afrika wakarudishwa; masharti ya mfadhili, nikaambiwa, yanataka uraia. Niliuliza mezani kama mfadhili mwenyewe ameulizwa. Kimya. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Alipoulizwa, alijibu siku iyo hiyo kwamba hakuwa na maana hiyo, aliyekuwa akisoma Ukraine anatosha. Miezi mizima watu wamekosa nauli ya treni kwa sababu ya sharti ambalo mtu alijitungia kichwani. Sina hakika kama huo niuite ubaguzi au uvivu, ila nimegundua kwamba uvivu wa aina hiyo una kawaida ya kuwaangukia watu walewale.

(Kuna na mwanafunzi wa Kirusi ambaye ameacha kupokea simu za mama yake akiwa koridoni, asisikike akiongea Kirusi. Yeye vita hivi havitaki na amesema hivyo hadharani. Habari zake nitaziandika siku nyingine, akiniruhusu.)

Kuhusu kibali, afadhali imekuja kidogo. Hamburg ilitangulia, na Berlin nayo sasa inawapa waliokuwa wanafunzi miezi sita watafute chuo. Miezi sita inasikika vizuri mpaka uanze kupiga hesabu. Udaktari hapa unafundishwa kwa Kijerumani, na vyuo vinataka kiwango cha C1, yaani ngazi ya tano kati ya sita za kupimia lugha. Kijana aliyeanza na salamu mwezi Aprili hafiki huko Februari, labda alale na kamusi. Na ili upewe kibali cha mwanafunzi ni lazima uonyeshe una uwezo wa kujikimu, kwa kawaida kwa kuweka benki, kwa viwango vya 2022, euro 10,332 za mwaka mzima katika akaunti inayokuachia 861 tu kila mwezi. Ada ya mwaka huu imeshazama Ukraine. Mzazi gani ana nyingine ya namna hiyo?

Binti wa Kitanzania amepiga hesabu zake mwenyewe. Leo amekuja na karatasi ya hospitali moja inayotafuta watu wa kusomea uuguzi: miaka mitatu, unasoma huku ukilipwa, zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato, na Kijerumani cha B2, ngazi moja chini ya C1, kinatosha kuanzia. Ameshafanya usaili. Ameshakubaliwa, kwa kweli, na amenificha juma zima.

Ninaiona busara ya uamuzi wake na unaniudhi vilevile, kwa kuwa najua hospitali hiyo ina njaa ya wauguzi na haikuhitaji kumbembeleza daktari wa mwaka wa tatu. Nilimwuliza kama ndicho anachokitaka. Akasema anachotaka ni kupanga chumba chenye mlango.

Kinachomtisha ni baba. Mzee amesema hakumsomesha udaktari ili akawe nesi, na kwamba afadhali arudi nyumbani aanze upya mwaka wa kwanza. Jumamosi jioni atanipigia mimi. Binti amempa namba yangu bila kuniuliza, akamwambia kwamba ofisini kuna mama mmoja wa makamo atakayemweleza vizuri. Nina miaka thelathini na moja.