Nilivyojifunza kutazama moyo wa pingili ya muhogo

Haraka ndiyo iliyoniponza. Mvua za vuli zilishaanza Muheza, majirani wamepanda, mimi sina mbegu. Kijana mmoja akaniletea mizigo miwili ya mashina ya muhogo, ya kijani, yamenyooka hata unapenda kuyatazama. Nikalipa. Nikakata pingili 200 nikapanda. Wiki ya nne nikahesabu zilizochipua: 41.

Nililaumu mchwa, nikalaumu na jua. Babu wa jirani akaokota shina lililobaki ukingoni, akalikata panga moja na kunigeuzia ncha. "Tazama moyo wake, mjukuu wangu."

Katikati palikuwa na duara kubwa jeupe, ndicho kiini, laini, ukilibonyeza kwa kucha linadidimia kama sponji ya godoro. Mti wenyewe ulikuwa utepe mwembamba tu kuuzunguka ule weupe.

Pingili ikiingia ardhini haina mizizi. Siku za mwanzo inakula akiba iliyomo kwenye shina lake. Shina changa ni kiini na maji tu, akiba hamna. Jua likizidi linanyauka, mvua ikizidi linaoza. Kumbe ule ukijani ulionivutia ndio ungenitahadharisha. Kipimo alichonipa babu, ambacho hata mabwana shamba hukifundisha, ni kwamba upana wa kiini usizidi nusu ya upana wa shina. Jicho langu halikuamini nusu, basi nikawa navunja njiti ya kiberiti sawa na upana wa shina, kisha naivunja tena katikati. Kiini kikiipita hiyo nusu, natupa.

Masika nikaomba mbegu kwa babu mwenyewe, mihogo ya miezi kumi. Ncha za juu tuliziacha, tukachukua sehemu ya kati, vipande vya sentimita 25 hivi, macho matano mpaka saba. Panga lilinolewa kwanza, maana butu hupasua. Kila ukikata, utomvu mweupe unatoka palepale. Usipotoka, shina limekauka. Nilitaka kuchukua pia ya shamba la zamani, lililopita mwaka na nusu, kwa kuwa kiini chake kilikuwa kidogo kabisa. Babu akakataa: hayo yamekomaa mno, yanachelewa kuchipua.

Ila njiti yangu haipimi ugonjwa. Shina linaweza kuwa na kiini kizuri na bado limebeba batobato, ule ugonjwa unaotia majani madoa ya njano na kuyakunja, au michirizi ya kahawia, ule unaoozesha muhogo ndani huku majani yanakudanganya. Huo michirizi si mgeni kwetu: mtafiti Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa hapohapo Amani, juu ya vilima tunavyoviona kila asubuhi. Kwa hiyo mashina yangu niliyachagua yangali na majani, nikayafunga kamba yale yasiyo na madoa, kisha kwa hayo tukang'oa muhogo mmojammoja na kuupasua kabla ya kukubali shina lake.

Safari hii nilipanda 180, zikachipua 163. Sitasema zote zilikuwa nzuri. Chache zililiwa na mbuzi wa babu huyohuyo, na hilo tumelinyamazia.

Juzi yule kijana amepita tena na mzigo begani. Nikamwomba panga kabla ya kumuuliza bei.