Koti Langu Liko Tanga

Arusha, Jumatano, 2 Julai 2025

Asubuhi ya leo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka dirishani kwangu Ngarenaro Mlima Meru haukuonekana hata kidogo, nami nikafungua kabati kutafuta kitu cha kujikinga na baridi. Mkono ukagusa skafu nyekundu yenye mistari myeupe, skafu ambayo si yangu, na papo hapo nikaikumbuka tarehe. Leo imetimia miaka mitatu tangu Yanga na Coastal Union walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports hapa kwetu, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Jumapili iliyopita Yanga waliifunga Singida Black Stars mabao 2-0 pale New Amaan, Zanzibar, wakalitwaa kombe hilo, ambalo siku hizi linabeba jina la CRDB, kwa mara ya nne mfululizo. Tangu siku hiyo, hiyo nne inatajwa kila ninapopita, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na redioni, na wanaoitaja wana haki ya kufurahi, kwa sababu si kazi ndogo. Lakini ile ya kwanza kati ya hizo nne niliiona kwa macho yangu, na nimetaka kwa muda mrefu kuandika jinsi ilivyokaribia kutokuwapo kabisa.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni mzaliwa wa Tanga na ni mtu wa Coastal tangu akiwa mvulana. Mwaka 1988, Wagosi wa Kaya, kama Coastal wanavyoitwa, walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ubingwa wao pekee hadi leo, alikuwa kijana mwenye nguvu za kushangilia usiku kucha, na mwaka huo anautaja kama wengine wanavyoutaja mwaka waliooa. Ijumaa ya tarehe 1 Julai 2022 alipanda basi Tanga, akapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Moshi, akashuka Arusha jioni akiwa na kiroba cha machungwa ya Muheza begani, skafu shingoni na shati la mikono mifupi mwilini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku meno yakigongana. Mtu wa pwani huwezi kumsimulia baridi ya Arusha ya mwezi Julai akakuelewa, mpaka imguse mwenyewe. Nikavua koti langu la kijivu, nikamvika palepale stendi.

Usiku, baada ya chakula, nilimuuliza kama kweli Coastal wangeiweza Yanga ile, iliyokuwa imemaliza Ligi Kuu bila kupoteza mchezo hata mmoja na iliyokuwa imeanza msimu kwa kuinyang'anya Simba Ngao ya Jamii.

"Huu ni mtoano, mjomba," akanijibu. "Mtoano hauna marudiano."

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Katika ligi ya timu 16, timu ndogo ikimfunga mkubwa leo, ile michezo 30 itamrudisha kila mmoja mahali pake kabla msimu haujaisha. Katika mtoano alasiri moja inatosha. Mwezi Desemba 2017 Simba, wakiwa ndio mabingwa watetezi, walitolewa kwa penati na Green Warriors, timu ya daraja la chini ya Dar es Salaam, na kocha Joseph Omog akapoteza kazi yake mara tu baada ya hapo. Msimu huohuo Yanga nao walitolewa kwa penati na Singida United, na fainali, iliyochezwa hapa Arusha mwezi Juni 2018, ikawakutanisha Mtibwa Sugar na Singida United, bila Simba, bila Yanga na bila Azam. Nilikuwepo pia siku ile. Mtibwa walishinda 3-2, na ninakumbuka jinsi watu wa Arusha, ambao wengi hawakuwa na timu ya kushangilia, walivyojikuta kufikia kipindi cha pili kila mmoja ameshachagua upande wake.

Msimu wa 2021/22 ulikuwa na utamu wa namna hiyohiyo. Simba walikuwa wakifunga kana kwamba mabao yanaweza kuwekwa akiba: waliifunga Ruvu Shooting saba, wakaifunga Pamba manne katika robo fainali. Halafu wakaenda Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba, bao moja la Feisal Salum likatosha kuipeleka Yanga fainali, na yale mabao yote ya huko nyuma hayakuwafaa kitu. Coastal kwa upande wao walikuja kucheza nusu fainali hapahapa Sheikh Amri Abeid dhidi ya Azam FC, wakashikilia, wakavuka kwa penati. Kwa hiyo nyasi za uwanja wetu walikuwa wameshazizoea, na mjomba aliihesabu hiyo kuwa faida.

Tuliingia uwanjani mapema na kukaa upande wa mzunguko. Rangi za kijani na njano zilikuwa zimetanda kila upande, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote, na nyekundu na nyeupe za Tanga zilikuwa visiwa vidogo vidogo katikati yake. Mjomba alitoa chungwa na kisu kidogo, akaanza kumenya taratibu, ganda likiteremka katika utepe mmoja mrefu bila kukatika, kama wauza machungwa wanavyomenya. Hajamaliza chungwa la kwanza Abdul Suleiman Sopu akafunga. Nilimtazama mjomba: hakuruka. Aliweka kisu pajani, akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaendelea kumenya.

Mapumziko yalifika Coastal wakiongoza. Sijui kama nimewahi kuona dakika 15 zikimtesa mtu kiasi kile. Alinigawia machungwa, akawagawia waliokaa mbele yetu, wakiwemo vijana wawili wenye jezi za Yanga ambao walimshukuru kwa heshima na kumwita mzee, na mwenyewe hakula hata kipande.

Kipindi cha pili Feisal akasawazisha. Kisha, muda ukiwa umekwenda sana, Heritier Makambo akaipatia Yanga bao la pili, na uwanja mzima ukatikisika, maana kila mtu alidhani kazi imekwisha. Vijana wa mbele yetu waligeuka, wakataka kumpa mjomba mkono wa pole. Aliupokea. Walikuwa bado hawajakaa vizuri Sopu alipofunga tena, dakika zile za lala salama, na safari hii mjomba alisimama. Alisimama tu, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya koti langu, wala sauti haikumtoka.

Dakika 30 za nyongeza ndizo ninazoziota mara kwa mara. Sopu alifunga la tatu. Mabao matatu, mtu mmoja, fainali, dhidi ya timu ambayo ligi nzima ilishindwa kuifunga. Nilihisi machozi, na mimi si mtu wa Coastal; nililelewa Arusha, nimezishangilia timu za hapa, AFC na JKT Oljoro, katika siku zao. Ila pale nilielewa kitu ambacho mjomba hakuwahi kunieleza kwa maneno, kwamba mapenzi ya timu isiyoshinda mara kwa mara yana uvumilivu ambao sisi wengine hatujafundishwa. Kombe lilikuwa hapo, mita chache kutoka tulipokaa, na kwa dakika kadhaa lilikuwa la Tanga.

Kisha Denis Nkane, kijana aliyekuwa mdogo kuliko wengi uwanjani, akasawazisha. Tatu kwa tatu.

Katika mikono ya mjomba lilikuwepo chungwa lililomenywa nusu, ganda likining'inia, na lilibaki hivyo muda wote wa penati. Yanga walishinda 4-1. Penati za namna hiyo huisha haraka kuliko moyo unavyoweza kufuatilia. Mtu anakosa, mwingine anapata, na mara unaona wachezaji wa upande mmoja wanakimbia na wa upande wa pili wamekaa chini. Sina mengi ya kuandika kuhusu penati hizo. Ninachokumbuka ni Wagosi wakiwa wamekaa kwenye nyasi, baridi ya jioni ikianza kushuka, na Sopu miongoni mwao, mtu aliyefunga mabao matatu na bado akaondoka bila kombe. Nasema wazi kwamba hiyo kwangu ndiyo kazi kubwa zaidi ya mchezaji mmoja ambayo nimewahi kuishuhudia katika uwanja huu, na kwamba katika orodha ya mabingwa mwaka 2022 una neno moja tu, Yanga.

Walichopoteza hakikuwa kombe peke yake. Bingwa wa Shirikisho hupata njia ya kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka miwili kabla, Namungo ya Ruangwa ilifungwa na Simba 2-1 katika fainali ya Sumbawanga, lakini kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, Namungo ndiyo iliyokwenda Afrika, na ikafika hatua ya makundi. Mwaka 2022 Yanga nao walikuwa na ubingwa wa ligi, ila safari hii nafasi haikwenda kwa aliyeshindwa fainali, ilikwenda kwa Geita Gold waliomaliza ligi katika nafasi ya nne. Mjomba alilijua hilo kabla sisi wengine hatujalijua. Tulipokuwa tukitoka uwanjani, tumebanwa mlangoni na umati, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba penati zile zimewafunga mara mbili.

Huwa nafikiria sana hatima ya wanaoshindwa fainali za kombe hili. Mbao FC waliwasumbua Simba Dodoma mwaka 2017 hadi muda wa nyongeza, wakafungwa 2-1. Singida United walifungwa hapa 2018. Lipuli ya Iringa walifungwa na Azam bao 1-0 kule Lindi 2019. Timu hizo tatu, zilizocheza fainali tatu mfululizo, zilishuka daraja zote katika msimu mmoja, ule wa 2019/20. Hata Mtibwa, ambao walishinda, walishuka mwaka 2024 na ndiyo kwanza wamepanda tena. Kufika fainali hakujengi timu peke yake. Fedha za kulipa mishahara na nauli hazitoki kwenye kumbukumbu ya siku moja nzuri. Na mchezaji akionekana siku hiyo, mwenye uwezo humchukua: Sopu alikwenda Azam FC mwezi uleule, na mwaka uliofuata Feisal naye akahamia huko, wakawa wa timu moja. Siwalaumu hata kidogo, maana kila mtu ana nyumba ya kulisha, lakini nilimwonea huruma mjomba.

Hata hivyo kuna jambo moja katika kombe hili ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kutembea kwake. Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Arusha tena, Tanga. Kwa mkazi wa Sumbawanga, kumwona mchezaji wa Simba au Yanga anapokea medali mjini kwake si jambo la kila mwaka, na huenda halitarudi katika umri wake. Sisi wa Arusha tumebahatika mara mbili, katika uwanja uliopewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi na Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Nami napenda kwamba mchezo wenye mizani kama ile ya 3-3 ulichezwa kwa mshairi. Fainali mbili zilizopita zimechezwa zote Zanzibar. Amaan ni uwanja mzuri na Wazanzibari wanastahili kama wengine, ila ningeomba safari iendelee. Nusu fainali za mwaka huu zilikwenda Tanga na Babati, na pale Babati Singida Black Stars waliitoa Simba kwa mabao 3-1. Watu wa Manyara bado wanaisimulia. Hapa kwetu uwanja mpya unajengwa Olmoti kwa ajili ya Mataifa ya Afrika ya 2027. Ukikamilika, fainali ya kombe letu wenyewe nayo iletwe pale, hata kama sitapata siti nzuri.

Mchana nimempigia mjomba simu. Coastal walimaliza ligi nafasi ya nne mwaka 2024, wakaiona Afrika hatimaye, wakatolewa na Bravos do Maquis ya Angola. Kwa hiyo lile deni la penati anasema limelipwa nusu. Nikamwambia leo ni tarehe gani. Akanyamaza, kisha akauliza kama kuna ukungu. Nikamjibu kwamba mlima hauonekani.

Alfajiri ile ya kuondoka, tarehe 3 Julai, alivua skafu yake akanizungushia shingoni na kusema ataifuata siku Coastal watakaporudi fainali Arusha. Koti alisahau kulivua, nami sikumkumbusha. Leo ananiambia liko nyuma ya mlango wa chumba chake, halina matumizi yoyote kwa joto la Tanga, lakini mkewe amekatazwa kumgawia mtu.