Kila mtu alijua nimeanguka kifafa

Masika ya 2017 nilivunjika mkono wa kulia uwani kwetu Tanga. Nimebeba ndoo ya maji, tena nusu tu, nikateleza nikajizuia na kiganja, yaani wala sio kuanguka kwa kutisha, ila nikasikia kah! kwenye kifundo. Sasa mtaa mzima wanajua nina kifafa, jirani mmoja anapiga kelele msimguse, mwingine kaja mbio na kijiko eti nisijing'ate ulimi (na kijiko hakiwekwi mdomoni hata kama kimekushika kweli, unalazwa ubavu basi), na mi nimekaa pale macho makavu nawaambia jamani nimeteleza, nani anasikia.

Hospitali nako yale yale, nesi kashaandika kifafa kabla hajaniuliza kitu. Wakati kifafa chenyewe kilikuwa hakijanishika miaka, dawa yake, fenobabitoni, nameza kila usiku tangu niko shule ya msingi.

Aliyeniuliza la maana ni daktari wa mifupa, kijana tu. Aliiangalia ile eksirei muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Mama, una miaka mingapi?"

"41, dokta."

"Hedhi bado unaona?"

"Naona."

"Na dawa ya kifafa unameza ipi, toka lini?"

Nikamtajia. Akanionyesha kwa ncha ya peni ukingo wa mfupa, gamba la nje limekuwa jembamba, akasema kwa umri wako halikutakiwa kuwa hivi. Akanieleza kumbe fenobabitoni, na dawa nyingine za kifafa kama fenitoini na kabamazepini pia, zinalichochea ini, likishachangamka linavunjavunja na vitamini D humo humo, ikipungua hiyo utumbo haunyonyi kalsiamu vizuri na mwili unaenda kuichota mifupani, taratibu, miaka na miaka na wala huumwi popote. Kwa mwanamke ndio balaa zaidi maana hedhi ikikoma ile homoni inayolinda mfupa nayo inashuka, sasa ufike huko akiba ishaliwa! Tena sisi wengine tunashinda ndani ya buibui, jua lote lile la Tanga linatupata usoni na viganjani tu.

Na miaka yote hiyo kliniki swali ni moja, kimekushika hakijakushika? Hakijanishika. Haya chukua dawa, mwingine.

Nikamuuliza sasa niache? Alishtuka kuliko mimi. "Usithubutu mama, ukikata ghafla kinaweza kurudi mfululizo bila kuachia, na hicho kinaua." Akaniandikia vitamini D na kalsiamu, dagaa nile na mifupa yake, nitembee kwa miguu. Akasema zipo dawa kama levetirasetamu ambazo haziligusi ini hivyo, ila kubadilisha ni taratibu na daktari wa kliniki akiwepo. Niliulizia bei famasi nikarudi kwenye fenobabitoni yangu.

Kliniki iliyofuata nilienda na POP, ile plasta ngumu, mkononi, wanawake wa kwenye benchi wakataka habari, nikawapa yote. Mmoja ana binti yuko kidato cha pili anameza hizo hizo, akanishika bega, dada niandikie nimwambie nini daktari. Nikamwandikia nyuma ya daftari la mtoto: vitamini D, kalsiamu, mwambie anameza toka lini. Kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku, akanirudishia nimsomee upya kabla hajaitwa.